Nani kawatuma kukata watu?

Jumanne niliingia ofisini kwetu, tunakotafutia filamu na runinga waigizaji, nikakuta vijana wetu wawili wameinamia kompyuta moja, wamezigawa tepu za odishini, yaani video za waigizaji wanaojaribu nafasi, kwenye folda mbili. Moja wameiita "Mbele", ya pili "Nyuma". Nikauliza hii ya nyuma ni ya nini. Wakanijibu kwa utulivu wa mtu anayekutajia bei ya nyanya: "Hao ni wazuri dada, ila kwa mteja huyu... si unajua."

Nikaifungua. Nyuso 17, zote za rangi ya kahawa chungu.

Sikupiga kelele papo hapo. Nilikwenda kunywa maji, nikarudi, ndipo nikapiga kelele. Sasa nimepoa, nawaandikia ninyi wawili na wenzenu walioajiriwa mwaka huu. Nimeweka nambari ili mjue nimejitahidi kupanga, lakini mnanijua.

1. Orodha ya wahusika, yale maelezo ya nani anatafutwa kwa kila nafasi, isomwe kwa jicho la karani wa benki anayekagua noti. Maneno ya kushuku mnayajua: "mwenye mvuto wa kimataifa", "sura safi", "mchanganyiko kidogo", "mtazamaji amwelewe mara moja". Hakuna hata moja linalotaja rangi, na yote yanazungumzia rangi. Mkikutana nalo, mwandikieni aliyelileta barua pepe: "Tafadhali tufafanulie." Msimpigie simu. Kwenye simu atacheka na kusema "mnaelewa tu", lakini kwa maandishi mara nyingi neno lenyewe hufutwa kimyakimya kabla ya saa sita mchana.

Msidhani haya ni ya kwetu tu. Mwaka 2014, Los Angeles walitafuta ekstra wa kike, wale wa kujaza picha nyuma ya waigizaji, kwa filamu ya kundi la rap la N.W.A, tangazo likawapanga wasichana kwa herufi A mpaka D. Kundi B lilitakiwa kuwa weupe wa ngozi, na Beyoncé akatajwa kama mfano. Kundi D walikuwa Wamarekani weusi, maskini, miili isiyo na umbo, ngozi ya wastani hadi nyeusi. Tangazo lilisambaa, wenye ofisi wakaomba radhi. Wale angalau waliandika. Sisi huwa hatuandiki, tunafungua folda.

2. Usimkate mtu ambaye hakuna aliyekutuma umkate.

Hapa nivumilieni, maana hili ni langu. Nilikuwa mwaka wa pili kazini, bado nabeba betri na kuitisha chai. Ikaja kampuni kutoka Uingereza kupiga drama ya runinga ya sehemu sita. Mhusika mkuu wa kike alikuwa wakili Mkenya, mama wa mtoto mmoja, mkali mahakamani na mpweke nyumbani. Bosi wangu alikuwa safarini. Akaniambia pokea tepu, chuja, mtumie mwelekezi 12 bora. Kuchuja! Mimi, niliyekuwa hata chai sichuji vizuri. Nilijiona nimeshakuwa mtu.

Zikaja tepu 41. Ya tisa ilitoka kwa dada mmoja wa Lodwar. Alijirekodi chumbani, nyuma ametundika leso, na dirisha liko upande wa kushoto, kwa hiyo nusu ya uso inaonekana na nusu imezama gizani. Simu yenyewe ilikuwa ya bei ya chini. Lakini alipofika pale wakili anapomwambia mama mkwe, "Mtoto huyu hatalala kwako leo," hakupandisha sauti. Alishusha. Akaanza kukunja nguo ya mtoto ambayo kwenye mswada haikuwepo, akaikunja mara tatu, akaiweka chini. Nilirudisha nyuma nikaitazama tena. Nikaitazama mara ya tatu.

Kisha kwenye jedwali, mbele ya jina lake, nikaandika: "Mwanga mbaya." Nikampeleka nje.

Mwanga ulikuwa mbaya kweli. Lakini kati ya wale 12 niliowapitisha, wanne walikuwa na mwanga mbaya kuliko wake, na mmoja alikuwa na kuku anayewika. Hao niliwaandikia, "Arekodi upya." Yeye sikumwandikia. Nilichowaza, na sikukiandika popote, ni kwamba Wazungu hawatamtaka mweusi kiasi kile. Nani aliniambia? Hakuna. Mwelekezi hakusema, prodyusa hakusema, orodha ya wahusika haikusema. Niliwawekea mdomoni maneno ambayo hawakuyatamka, nikayatii.

Siku ya kikao cha Skype, bosi karudi, tumekaa watatu. Mwelekezi akatazama tepu zote 12 bila neno. Mwishoni akavua miwani akauliza: "Hawa ni ndugu wa tumbo moja?"

Ofisi ikawa kimya. Bosi akanigeukia. Na mimi, badala ya kusema nimekosa, nikasema hao ndio walioletwa na maajenti. Nilidanganya, tena kwa sauti nyororo, nikawasukumia maajenti mzigo wangu. Bosi akasema vizuri, basi mtumie tepu zote 41 ajionee mwenyewe. Sasa ndipo nikakumbuka kwamba kompyuta ilikuwa imejaa, na usiku uliopita nilifuta zile 29 ili kupata nafasi.

Nikampigia yule dada. Nilitunga hadithi ndefu ya hitilafu ya mitambo. Akanisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akasema, "Nilipoona kimya nilijua. Wala sikukasirika." Lile la kutokasirika ndilo lililoniuma. Kwamba alikuwa amezoea kiasi cha kutopoteza hata hasira yake kwangu. Nikamwomba arekodi tena au aje Nairobi. Tepu aliifuta, simu ilikuwa ya kaka yake na imeshauzwa. Kuhusu kuja, akauliza nauli ataitoa nani. Ofisi wakati ule haikuwa ikimlipia nauli mtu wa odishini. Nilikuwa na pesa mfukoni za kutosha tiketi ya basi, na sikusema, "Nitatoa mimi." Nikasema nitauliza. Sikuuliza.

Mnataka kujua nafasi ilikwenda kwa nani? Walimleta mwigizaji kutoka London, mzaliwa wa huko, wazazi wake wa Afrika Magharibi. Fundi kwelikweli, sina neno naye. Hakujua Kiswahili hata "jambo", nikapewa mimi kazi ya kumfundisha matamshi wiki sita, "nakuheshimu mama", "nakuheshimu mama", mpaka ulimi ukalainika. Na alikuwa mweusi kuliko yule wa Lodwar.

Basi wiki sita nilikuwa nakaa mbele ya uso ule kila asubuhi na karatasi yangu ya matamshi. Nisiwape Wazungu cheti cha usafi, maana waliona ni rahisi kumpandisha mtu ndege kutoka London kuliko kutazama tena waigizaji wa nchi nzima, na hilo nalo ni ugonjwa wenye jina lake. Lakini kipingamizi cha rangi, kwenye kazi ile, kiliwekwa na msichana wa Majengo, Mombasa, ambaye bibi yake alimwita "mweusi wangu wa dhahabu".

3. Mwanga. Mtu mweusi akionekana kama kivuli kwenye tepu, mwambie akae uso kwa dirisha na ashike shuka jeupe chini ya kidevu. Dakika mbili. Kamera ya simu hupima mwanga wa picha nzima, kwa hiyo ukuta mweupe nyuma yake ndio unaomzamisha. Mwambie atundike kitambaa cha rangi nzito.

Na mkisikia fundi wa kamera akisema ngozi nyeusi "ni ngumu kupiga", mkumbusheni kwamba ugumu ule ulitengenezwa kiwandani. Kwa miaka mingi maabara za picha zilirekebisha rangi kwa kutumia kadi za Kodak, kampuni ya Marekani ya filamu za kamera, zenye picha ya mwanamke Mzungu, kadi hizo zikiitwa kadi za Shirley. Waliosaidia kuisukuma kampuni iboreshe filamu zake ili rangi za kahawia zionekane vizuri ni pamoja na watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliolalamika kwamba bidhaa zao hazitoki sawa kwenye matangazo. Mmesoma vizuri. Kabati lililalamika likasikizwa.

4. "Mwafrika yeyote" si mhusika. Mkiletewa nafasi ya Msomali, nendeni Eastleigh, msiniletee Mkamba mwembamba. Out of Africa, filamu kubwa ya mwaka 1985 kuhusu Karen Blixen, mwandishi Mdenishi aliyelima kahawa Kenya, ilipigwa hapahapa kwetu, na Farah, mtumishi wake mkuu, ambaye katika maisha ya kweli alikuwa Msomali, akachezwa na Malick Bowens, mtu wa Mali. Alicheza vizuri, ila Mali na Somalia kuna bara zima katikati. Linganisheni na Captain Phillips, ile ya maharamia ya 2013: walifungua odishini ya wazi Minneapolis, Marekani, penye Wasomali wengi, wakaja watu zaidi ya 700, akapatikana Barkhad Abdi ambaye hakuwa ameigiza filamu hata moja. Akateuliwa kuwania Oscar na akashinda BAFTA, tuzo ya filamu ya Uingereza. Kumtafuta mtu kunachosha. Ndiyo maana tunalipwa, ingawa kuhusu malipo tutaongea siku nyingine.

5. Vikao vya mswada. Mmeanza kualikwa, hongereni, kaeni karibu na biskuti. Huko ndiko watu hukatwa kabla hata hawajawa na majina. Swali mtakalolisikia ni hili: "Mtazamaji atamfuata nani?" Likiulizwa kuhusu hadithi ya Turkana au Kibera, jibu linalotarajiwa ni mwandishi wa habari kutoka ng'ambo aliyeachwa na mkewe.

Mswada wa maisha ya Harriet Tubman, yule mwanamke mweusi aliyetoroka utumwa akarudi kuwatorosha wenzake, ulikaa miaka 25 kabla ya kuwa filamu mwaka 2019. Mwandishi wake, Gregory Allen Howard, amesimulia kwamba kwenye kikao cha 1994 mkubwa mmoja wa studio aliusifu mswada akasema nafasi hiyo apewe Julia Roberts. Alipoelezwa kwamba Harriet alikuwa mweusi, akajibu kuwa ni zamani mno, hakuna atakayejua tofauti. Mimi sijawahi kukutana na mkubwa wa namna hiyo. Niliokutana nao husema, "Sina tatizo, ila soko." Hao ni wagumu zaidi, kwa sababu soko halipo chumbani ulihoji.

Wakitaja soko, wapeni hesabu. Mwaka 2021 McKinsey, kampuni ya washauri wa biashara, walikadiria kwamba ubaguzi dhidi ya weusi unaikosesha sekta ya filamu na runinga ya Marekani dola bilioni 10 kila mwaka. Black Panther, filamu ya 2018 yenye waigizaji wengi weusi, iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.3. Watawaambia hiyo ni ya kipekee. Filamu ya mweusi ikifaulu ni ya kipekee, ikianguka ni mfano. Nimechoka kubishana na hilo, bishaneni ninyi mlio na magoti mazima.

6. Na msinifanye niamini kwamba haya yote yanatoka ng'ambo. Tamthilia zetu wenyewe: bawabu lazima awe na lafudhi ya Kiluhya, mfanyakazi wa nyumbani awe mweusi na aanguke na sufuria, tajiri wa pwani awe mweupe mwenye nywele za kuteleza. Mimi ni wa pwani, nywele zangu hazitelezi kokote. Lupita Nyong'o aliwahi kusimulia mwaka 2014, mwaka alioshinda Oscar, jinsi alivyokuwa akimwomba Mungu utotoni aamke akiwa mweupe zaidi. Huyo alikulia Kenya, akitazama runinga. Tena kabla ya umaarufu alifanya kazi nyuma ya kamera, msaidizi kwenye filamu ya Waingereza iliyopigwa huku. Mtazameni vizuri huyo anayewaletea chai.

7. Haraka haraka: tepu hazifutwi mpaka kazi irushwe hewani. Folda zipewe nambari. Ukimkataa mtu, andika sababu ambayo unaweza kumsomea usoni. Nauli ya mwigizaji wa nje ya Nairobi hulipwa na ofisi siku hizi, fomu ziko droo ya pili, na msiniulize nani aliyepigania jambo hilo wala kwa nini.

Zile tepu 17 nimezirudisha kwenye folda moja pamoja na zile nyingine. Kesho saa tatu tunazitazama zote pamoja, kwa mpangilio zilivyoingia. Halafu tuna ile kazi ya hospitali, na nimeona pale kwa muuguzi mkuu mtu ameandika "mama mnene, mchangamfu, mweusi tii". Si mwandiko wa mteja huo. Nataka jina kabla ya chai.