Kiatu ndo kiufuate mguu: maswali yenu kuhusu magaga, fangasi na miguu ya ganzi

Mwezi huu barua za miguu zimekuwa nyingi mpaka nimeamua ukurasa wote tuwape wenye miguu. Kwa wasionijua, mimi ni nesi, miaka mingi nimekaa chumba cha kufunga vidonda, na miguu nimeishika kuliko mikono. Ninachokiona kila siku ni hiki, mtu ana mguu mpana halafu anaulazimisha kuingia kwenye kiatu chembamba kwasababu kiatu ni kizuri au kilikuwa bei poa, ukimuuliza mara ya mwisho aliangalia unyayo wake lini hakumbuki. Tuanze.

Dada nesi shikamoo. Nauza vitenge Kariakoo, nasimama toka saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni na nashinda na malapa. Visigino vimepasuka mpaka vinatoa damu, usiku shuka linanasa. Nimekwangua na wembe, nimepaka mafuta ya kula, sasa kuna jirani ananiambia nizibe na supaglu. Nifanyeje?

Marahaba mama. Supaglu hapana, na wembe uweke chini leo leo. Wembe unakwangua ngozi lakini ngozi ya kisigino ikikwanguliwa inarudi nene zaidi, na ukijikata hapo umefungua mlango wa vijidudu.

Magaga yanakuja hivi, chini ya kisigino kuna mto wa mafuta, kila ukikanyaga ule mto unatanuka pembeni. Kiatu chenye ukuta nyuma kinaushikilia, malapa hayana kitu huko nyuma kwahiyo nyama inatanuka tu kutwa nzima, na ngozi ya juu yake ikiwa nene na kavu haivutiki, inapasuka kama udongo wa mbuga kiangazi. Tena unyayo hauna tezi za mafuta kama sehemu zingine za mwili, una tezi za jasho tu, ndo maana ukavu unaanzia huko. Ukijumlisha kusimama masaa kumi kwenye sakafu ngumu na vumbi la mtaani, visigino vitaponaje.

Usiku loweka miguu kwenye maji ya vuguvugu dakika kumi, usizidishe maana maji mengi nayo yanakausha. Sugua taratibu na jiwe la kusugulia, kidogo kidogo kila siku, usitake kumaliza yote siku moja. Futa, halafu ngozi ikiwa bado na unyevu paka krimu yenye yurea, duka la dawa waulizie ya asilimia 10 mpaka 25, kama mfuko hauruhusu mafuta mazito ya mgando yanafaa sana, kisha vaa soksi za pamba ulale nazo. Pale palipopasuka mpaka nyama inaonekana usiweke yurea kwanza, itakuchoma, weka mafuta ya mgando na ufunge na kitambaa safi mpaka pafunge. Vipe visigino wiki mbili tatu. Na dukani malapa yabadilishe, tafuta sendo za soli nene zenye kikombe au mkanda nyuma.

Kitu kingine mama, ukiona unyayo mzima una unga mweupe kwenye mistari na katikati ya vidole panamenyeka, hiyo inaweza kuwa fangasi na mafuta peke yake hayataitoa. Na nenda ukapime sukari, magaga yasiyosikia dawa wakati mwingine ndo yanatoa taarifa.

Mimi ni mlinzi wa usiku, lindo masaa 12. Kampuni imetupa buti jozi moja tu. Nikivua nyumbani mke wangu anafungua madirisha. Katikati ya vidole panawasha, pana ngozi nyeupe imelowa, na chini ya unyayo kuna vishimo vidogo vidogo. Nimewahi kupaka jiki, ikaniunguza.

Pole sana kaka, na jiki usirudie.

Barua yako nimeisoma mara mbili kwasababu una matatizo mawili kwa pamoja na watu wengi wanayachanganya. Ile ngozi nyeupe iliyolowa inayowasha kati ya vidole, hasa kati ya kidole cha nne na cha tano, ni fangasi. Wale wanapenda giza, joto na unyevu, na buti lako linawapa vyote vitatu kwa masaa 12. Dawa ni krimu ya klotrimazoli, mara mbili kwa siku, na kosa la karibu kila mtu ni kuacha siku kuwasha kunapoisha. Endelea angalau wiki mbili baada ya ngozi kuonekana nzima, kwa kawaida inafika wiki nne jumla.

Ila vile vishimo vidogo kama vimechomwa na pini, vyenye harufu kali, mara nyingi sio fangasi, ni bakteria wanaokula tabaka la juu la ngozi iliyolowa jasho. Hao krimu ya fangasi inaweza isiwatoe, wanahitaji dawa ya kupaka ya antibiotiki, kwahiyo nenda zahanati uoneshe unyayo, usinunue kwa kuelezea tu dirishani.

Sasa buti. Buti lililolowa jasho usiku mmoja halikauki kwa masaa machache ya mchana, linataka karibu siku nzima. Kampuni kukupa jozi moja kwa lindo la kila siku sio haki, na ningefurahi mkisimama wenzako pamoja muombe ya pili, lakini wakati mnasubiri, ukifika nyumbani toa soli ya ndani, fungua kamba zote, ulimi uvute nje, weka juani pamoja na ile soli, jioni jaza magazeti makavu mpaka muda wa kutoka. Nenda kazini na soksi jozi ya pili mfukoni, saa sita usiku badilisha. Soksi fua na maji ya moto, na kitambaa cha kukaushia vidole kiwe chako peke yako, usije ukamgawia mama watoto na watoto.

Niko mapokezi kwenye ofisi moja Dodoma, nina miaka 29, skuna navaa siku tano kwa wiki toka nimalize chuo. Mfupa wa pembeni ya kidole gumba umechomoza, unakuwa mwekundu, kidole chenyewe kinalalia wenzake. Mama yangu anao pia. Mtandaoni wanauza vifaa vya plastiki vya kunyoosha, ninunue?

Mdogo wangu, pesa yako itunze. Vile vifaa vinaweza kupunguza maumivu kidogo ukiwa umekaa au umelala, lakini mfupa wa mtu mzima havirudishi, ukivua kidole kinarudi kilipokuwa. Kinachonyoosha kweli ni upasuaji, na huo unafanywa kwasababu ya maumivu yanayokuzuia kutembea, sio muonekano.

Na usijilaumu peke yako, kama mama anao basi umbo la mguu umerithi. Skuna hazikuuleta ule mfupa zenyewe ila zimeuharakisha, maana kisigino kikipanda uzito wote unateremkia mbele, na mbele ya skuna pamechongoka, vidole vitano vinasukumwa kwenye nafasi ya vitatu.

Fanya hivi jioni moja ukitoka kazini. Simama peku juu ya karatasi, mtu akuchoree mguu kuuzunguka, halafu weka kiatu unachokipenda juu ya ule mchoro. Dada wengi nikiwafanyia hivi wananyamaza kabisa, kiatu kinapotea ndani ya mguu. Kuanzia sasa kiatu nunua jioni miguu ikiwa imeshavimba kidogo, jaribu vyote viwili maana mguu mmoja huwa mkubwa na huo ndo wa kuufuata, na mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya karibu sentimita moja. Muuzaji akikwambia kitatanuka chenyewe, usimsikilize.

Lakini tahadhari moja, usihame kutoka skuna kwenda raba bapa ndani ya siku moja. Miaka ya visigino virefu hufupisha mshipa wa nyuma ya kisigino na misuli ya kigimbi, ukishuka ghafla utaumwa mpaka useme bora skuna. Shuka pole pole, mwezi huu sentimita saba, mwezi ujao tano, mwisho tatu, na skuna zako za sherehe bado unaweza kuzivaa kwa masaa mawili ya harusi.

Habari yako. Niko na miaka 46, mimi ni mwalimu huku Nakuru. Nikiamka asubuhi hatua ya kwanza naskia kisigino kama nimekanyaga msumari, nikitembea kidogo inapungua, jioni inarudi. Nilipigwa eksirei nikaambiwa kuna mfupa umeota. Rafiki anasema ni gauti. Hiyo mfupa itakatwa?

Nzuri mwalimu. Maelezo yako ya hatua ya kwanza ya asubuhi yametosha karibu kila kitu. Chini ya unyayo kuna utando mgumu kama mkanda, umeshikwa kisiginoni na unakwenda mpaka vidoleni, ndo unaobeba upinde wa mguu. Ukivutika sana pale ulipojishika unaumia, usiku unajikunja, asubuhi ukisimama ghafla unavutwa tena. Ule mfupa wa kwenye eksirei watu wengi wanao na hawana maumivu yoyote, kwahiyo usikubali haraka kwamba ndo adui. Gauti mara nyingi huanza kwenye shina la kidole gumba, ghafla, usiku, panakuwa pekundu na moto hata shuka huwezi kuligusisha. Yako sio hivyo.

Kabla hujashuka kitandani pitisha taulo mbele ya unyayo, vuta vidole vije kwako, hesabu mpaka thelathini, rudia mara tatu. Weka viatu vyenye soli karibu na kitanda, sakafu usiikanyage peku, hasa ya vigae. Jioni bingirisha unyayo juu ya chupa ya maji iliyogandishwa kwa dakika kumi. Nyoosha vigimbi ukiwa umeegemea ukuta wa darasa, na hivyo viatu vya kazini kama soli imelala upande mmoja vimeshakufa hata kama juu vinang'aa. Inachukua miezi, mwalimu, wengi wanapona ndani ya mwaka bila kisu. Ukiona ganzi, au kisigino kimevimba, au kinauma hata umelala, rudi hospitali.

Baba yangu yuko Tanga, ana kisukari miaka 14. Anasema miguu ni kama amevaa soksi wakati yuko peku. Juzi tumemkuta na msumari umepita kwenye yeboyebo umeingia kwenye unyayo, ametembea nao toka asubuhi, hakujua. Kidonda ni kidogo, hakimuumi, anasema tusihangaike. Ni kweli?

Mwanangu, acha kusoma hapa, mpeleke leo. Kisha rudi uendelee.

Kutokuumwa ndo hatari yenyewe. Sukari ikiwa juu kwa miaka inaharibu mishipa ya fahamu, kuanzia vidoleni kwenda juu, na mishipa ya damu inakuwa myembamba, kwahiyo mguu haupigi kelele ukiumia na damu ya kuponya inafika kidogo. Vidonda nilivyoviona vikifikisha watu kwenye kukatwa mguu vingi vilianza hivyo hivyo, kitu kidogo ambacho hakikuuma. Jiwe ndani ya kiatu. Lengelenge la kiatu kipya cha Idi. Beseni la maji ya moto ambayo mzee aliona ni ya vuguvugu. Wazee wetu wanapenda kukanda, mwambieni maji apimiwe kwa kiwiko na mtu mwingine, tena kuloweka miguu kwake hakuna faida.

Kuna jambo lingine watu hawaniamini mpaka niwaambie limeandikwa. Mwaka 2005 Dk. Zulfiqarali Abbas, ambaye amefanya kazi ya miguu ya kisukari Muhimbili kwa miaka mingi, pamoja na wenzake walichapisha kuhusu wagonjwa wa kisukari wa hapa kwetu walioumwa miguu na panya wakiwa wamelala, na hawakusikia. Sisi husema panya anauma huku anapuliza. Kwa mwenye ganzi panya hana haja ya kupuliza. Kwahiyo baba alale ndani ya chandarua kilichochomekwa vizuri chini ya godoro, miguu ioshwe harufu ya chakula kabla ya kulala, na chumba kisiwe stoo ya unga.

Kila jioni mtu mmoja nyumbani, hata mjukuu, ashike miguu ya babu, aangalie juu, chini, kisigino na kati ya vidole, kwenye mwanga. Kabla hajavaa kiatu mkono uingie ndani kwanza upapase. Yeboyebo na malapa yatoke, msumari unapita kama kwenye mkate, tafuteni kiatu cha kufunika, kipana, soli ngumu chini na laini ndani, hata fundi wa mtaani anaweza kuweka sponji nzito mkimuelekeza. Kikiwa kipya avae saa moja, vueni muangalie wekundu. Mafuta apake ila sio kati ya vidole. Kucha zikatwe kunyooka, sugu asikwangue mwenyewe wala msiweke zile plasta za kuyeyusha sugu, zina asidi. Na kidonda chochote, hata cha ukubwa wa punje ya mchele, ni hospitali siku hiyo hiyo.

Mwanangu anaanza darasa la kwanza, nimpe viatu namba mbili zaidi ili avae mpaka mwakani? Bibi yake anasema aende tu peku ndo miguu itakomaa.

Bibi hajakosea kabisa, kwenye sakafu safi ya nyumbani peku inamsaidia mtoto kukuza misuli ya mguu. Nje ni habari nyingine, kuna safura wanaoingia kupitia ngozi ya unyayo, kuna funza, kuna misumari na pepopunda.

Namba mbili zaidi hapana, atakuwa anakunja vidole kukishikilia kiatu kisitoke na ataanguka. Acha nafasi ya kidole gumba chako kimoja mbele, kiwe na kamba au mkanda, na kila baada ya miezi mitatu minne bonyeza hapo mbele uone kama nafasi bado ipo. Mtumba unafaa kama kisigino cha kiatu hakijalala upande, kiweke mezani ukitazame kwa nyuma kabla hujalipa.