Diploma ya utalii bila kazi: je, KPSGA itasaidia?

Dada, umeuliza kama kujiunga na KPSGA, chama cha waongoza safari wa Kenya, ni kupoteza pesa ilhali bado hujaajiriwa. Si kupoteza, mradi ufanye mtihani. Kadi ya uanachama peke yake haikupeleki mbali.

Chama kilianza 1996 na hupima waongozaji kwa ngazi tatu: shaba, fedha na dhahabu. Wewe anza na shaba, mtihani wa maandishi. Kwanza pata cheti cha huduma ya kwanza. Kisha soma mambo ambayo wengi huyaruka: ndege, miti, wadudu, jiografia na historia ya nchi. Wanaoanguka mara nyingi wamekariri simba na tembo tu, wakashindwa kutofautisha swala granti na swala tomi. (Dokezo: tomi ana mstari mweusi mzito ubavuni, na weupe wa matakoni haupandi juu ya mkia.) Nunua kitabu cha ndege na darubini ya 8x42 (hukuza mara nane, lenzi ya milimita 42), utambue ndege watano wapya kila siku, hata hapo mtaani.

Ukipita, andika ngazi na namba yako juu kabisa ya wasifu wako, maana meneja wa kambi huisoma haraka kuliko alama za chuo. Hudhuria mikutano, umwombe mwongozaji wa ngazi ya fedha akuchukue msaidizi kwa safari moja. Nafasi nyingi hupitia midomoni kabla ya kutangazwa.

Leseni ya serikali hutolewa na TRA, mamlaka ya kudhibiti utalii Kenya. Beji ya chama haichukui nafasi yake.