Zege la barabara linalomwagiliwa kutoka ndani: maswali yenu

Injinia, zege la barabara tumelifunika magunia na kumwagilia siku saba, mbona limepasuka nyufa nyembamba?
Pole sana kaka. Angalia mix yenu, kama maji yako chini ya 0.42 ya uzito wa saruji basi zege limefunga sana, maji ya juu yanaishia juujuu tu na kule ndani saruji bado ina kiu, inanyonya unyevu wake yenyewe, zege linasinyaa, nyufa ndo hizo.

Si tuongeze tu maji kwenye mixa?
Hapana jamani! Ukiongeza pale nguvu inashuka na vitundu vinazidi. Maji yanatakiwa yaje baada ya zege kushika.

Sasa yanaingiaje?
Hapa ndo patamu. Unapunguza sehemu ya mchanga, badala yake unaweka punje nyepesi zenye vitundu, Marekani wanatumia mwamba wa sheli (shale kwa Kiingereza, tope la kale lililogandamana likawa jiwe) uliochomwa kwenye tanuri mpaka ukavimba. Rundo linaloweshwa siku mbili tatu, maji ya juu yanachuruzika, ndo linaingia mixa, halafu saruji ikianza kukauka ndani inavuta maji toka kwenye zile punje. Hesabu ya kawaida ni kama lita 7 kwa kila kilo 100 za saruji, yani mfuko wa kilo 50 ni lita tatu na nusu. Punje ziwe ndogo na zisambae kote maana maji hayafiki mbali kwenye zege lililofunga, na tafadhali pimeni unyevu wa rundo kila siku kabla ya kuchanganya, wengi wanaharibu hapo.

Barabara inafaidika nini?
Slabu, yani bamba la zege la barabara, ikikauka juu kuliko chini kingo zinanyanyuka, lori likikanyaga kona inakatika. Njia hii inapunguza hilo, na chumvi inapenya kwa shida. Hutchins, Texas, mwaka 2005 walimwaga kama mita za ujazo 190,000 kwenye yadi ya treni na makontena, waliofuatilia wakakuta nyufa chache mno.

Na huku kwetu?
Njia za mwendokasi Dar ni zege, na pumisi, lile jiwe jepesi la volkano lenye vitundu, tunayo Rungwe, Kenya iko Naivasha. Natamani sana ijaribiwe, ila maabara kwanza: inashika maji kiasi gani, inayaachia, na nguvu inabaki?

Kwa hiyo magunia tuache?
Msiache. Juu bado kunakauka kwa jua na upepo, mwagilieni kama kawaida.