Rulma inayocheza ndani ya karteri: maswali ya wasomaji wa Goma

Nimefungua injini ya pikipiki ya cc 125. Rulma (beringi) ya shafti ya gia inaingia karterini (kasha la alumini la injini) kwa kusukumwa na kidole gumba tu. Nifunge hivyo hivyo? Motari (mwendesha pikipiki), Katindo

Karteri ilikuwa baridi au ya moto? Kama uliipasha moto, ndivyo inavyotakiwa. Kama ilikuwa baridi, usifunge, ndugu yangu. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Chukua rulma ya 6204, yenye kipenyo cha nje cha mm 47: injini ikitoka nyuzi 20 hadi 100, tundu hutanuka kuizidi rulma kwa karibu mm 0.04. Kama asubuhi haishiki, saa sita, ukiwa na abiria kwenye barabara ya Sake, itakuwa inazunguka yote. Tazama pete ya nje ya rulma ya zamani: mng'ao wa kioo na mikwaruzo ya kuzunguka ni ushahidi kwamba imekuwa ikilila tundu.

Zipo rulma ambazo mtengenezaji amezilegeza kidogo makusudi, akazishika kwa bamba lenye skurubu. Hapo hakikisha bamba limerudi.

Fundi wangu hugonga nukta nukta ndani ya tundu kwa chuma chenye ncha, kisha rulma inakaza. Kuna ubaya? Motari, Ndosho

Upo, na mkubwa. Kila nukta huinua kilima kidogo cha alumini, na rulma inabaki imekalia vilima hivyo vichache. Alumini ni laini. Vinalazwa upesi, tundu linarudi kulegea likiwa limeharibika zaidi ya mwanzo. Kabla ya hapo shafti inaweza kukaa upande, gia zikaanza kulia. Kipande cha kopo la soda kinachozungushiwa rulma ni balaa hilo hilo: kikikatika, vipande vinaingia kwenye oili na kupita katikati ya meno ya gia. Mafundi, tuache kazi hii. Motari analipa akiamini injini imepona.

Gundi ya rulma inastahimili oili? Fundi chipukizi, Birere

Inastahimili, ikiwa ni ile iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Loctite 641 inafaa rulma utakayotaka kuitoa siku nyingine. 638 inashika kwa nguvu zaidi na kujaza uwazi wa hadi mm 0.25. Silikoni na gundi ya viatu, hapana.

Kinachoshinda wengi ni usafi. Petroli huacha utando wa mafuta, kwa hiyo malizia kwa asetoni, tundu na pete ya nje pia, na usiguse tena kwa vidole. Paka safu nyembamba ndani ya tundu, ingiza rulma, futa iliyozidi isifikie gololi. Gundi hii hukauka pale hewa isipofika, kati ya metali na metali. Iache saa 24 kabla ya kutia oili. Siku ya kuitoa, pasha karteri moto.

Rulma nyingine zinakaza vizuri, lakini sina oveni. Yuleyule wa Birere

Weka bati nene juu ya makaa, karteri juu ya bati, uigeuzegeuze. Tone la maji likichemka na kukauka papo hapo, inatosha. Moto usiiguse alumini. Rulma ifunge vizuri kwenye mfuko wa plastiki, ilale kwenye friza ya jirani anayeuza sambaza (samaki wadogo). Ikibidi kugonga, gonga pete ya nje pekee.

Pikipiki ni yangu, kijana ndiye anayeiendesha. Fundi anasema tundu limekuwa yai. Nikereze au ninunue karteri ya mtumba? Mama, Majengo

Mama, hapo gundi haitoshi. Fundi kereza mwenye vipimo anaweza kupanua tundu na kutia pete mpya ya chuma, mradi ashike katikati ileile ya mwanzo. Ukinunua mtumba, nunua nusu zote mbili zilizotoka injini moja: kiwandani mara nyingi hutobolewa pamoja, na nusu za injini mbili tofauti hazina hakika ya kulingana.