Kinyonga jani anakunywa matone, siyo bakuli

Nilipomwaga uani gunia la udongo wa majani nililonunulia pepinyeri yangu, yaani kitalu cha miche, hapa Bukavu, jani moja kavu lilianza kutembea. Kumbe ni kinyonga mdogo, hamshindi sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, kwa urefu, wa kahawia, ana mistari ya mshazari ubavuni kama mishipa ya jani. Mama mkwe alikimbilia barabarani. Wengi kwetu wanaamini kinyonga akikuuma umekwisha, lakini hana sumu hata kidogo.

Nilikaribia kumuua kwa maji. Nilimwekea kifuniko cha chupa kilichojaa, nikaenda kazini nimetulia. Siku ya nne macho yake yalikuwa yamezama. Maji yaliyotulia hayatambui. Msituni hunywa matone yanayoning'inia kwenye majani. Nikachukua chupa ya kunyunyizia ya msusi, nikalowesha jani karibu na mdomo wake. Alitulia kitambo, kisha akaanza kulitafuna tone, koo likipanda na kushuka. Sasa nanyunyiza asubuhi na jioni, na kiangazi cha Julai naongeza mchana.

Anakaa kwenye beseni pana lenye udongo wa unyevu, majani makavu na vijiti vyembamba. Nimefunika kwa chandarua, ila angalieni sana: vile vinavyogawiwa bure vimetiwa dawa ya wadudu, msivitumie. Baridi ya Bukavu inamfaa, taa ya joto haihitajiki. Kinachomwua ni chumba cha mabati kisicho na dari, saa saba mchana. Chakula ni inzi wadogo wanaofuata ndizi iliyooza, na vitoto vya panzi, nikiwapaka unga wa ganda la yai.

Vijana wakikuletea wa kuuza, kataa. Ukinunua mmoja leo, kesho watarudi msituni kuchukua kumi. Tangu 2017 jamii hii, Rhampholeon, inalindwa na CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini, kwa hiyo hata kumvusha mto Ruzizi kwenda Rwanda kunataka kibali.

Na tafadhali, asiwe mwanasesere wa watoto. Ukimshika anatetemeka mwili mzima, unahisi kidoleni kama simu iliyozimwa sauti. Ile ni hofu. Mimi namtazama usiku tu, dakika moja, tochi nimeifunika kwa kitambaa: amelala juu ya kijiti, mkia mfupi umejikunja, rangi imepauka karibu na nyeupe.