Kikokotoo hakijakosea, kimekupa nusu ya jibu
Umepewa pembetatu yenye upande a = 7, upande b = 10 na pembe A (inayotazamana na a) nyuzi 40; ukatafuta pembe B (inayotazamana na b) kwa kanuni ya sini, a/sini A = b/sini B, ukapata 66.7, kitabu kinasema 113.3. Hesabu yako iko sawa, ndugu. Sini ya B ni 0.918, na ndani ya pembetatu pembe mbili zina sini hiyo: 66.7 na 180 toa 66.7. Kikokotoo hukupa ile ndogo tu. Jumlisha 113.3 na 40: haifiki 180, basi pembetatu zote mbili zinawezekana. Soma tena swali. Kama halisemi B ni butu (zaidi ya nyuzi 90), andika zote mbili (hapo nimewahi kupoteza alama, zaidi ya mara moja). Ukipewa pande tatu, epuka utata huu: anza na kanuni ya kosini (c² = a² + b² − 2ab kosini C) kwenye pembe inayotazamana na upande mrefu kuliko yote. Bado haieleweki? Mwonyeshe mwalimu mchoro wako, si jibu tu.