Kwa nini usiku Ng'ambo kuna joto kuliko Kizimbani

Umesema ni bahari inayoipa Ng'ambo, hapa mjini Zanzibar, joto la usiku kuliko Kizimbani kule shamba. Si bahari, ndugu yangu. Kinachoifanya Ng'ambo ichemke usiku, wakati Kizimbani watu wanajifunika shuka, ni saruji, matofali na lami: vinakunywa jua mchana kutwa, kisha vinalitema joto pole pole likishatua. Mimi nakaa hapa mjini, na usiku wa manane nikigusa ukuta unaoelekea magharibi bado una moto. Shamba mikarafuu na minazi hutia kivuli, na maji yanayotoka kwenye majani hupoza hewa kama mtungi unavyopoza maji. Jambo lenyewe si geni. Luke Howard, Mwingereza aliyechunguza hali ya hewa, alilipima London mwanzoni mwa karne ya 19, na akaona tofauti ya mji na shamba inazidi usiku.

Ila hali ya hewa ndiyo inayoamua ukubwa wake. Wakati wa maleleji, upepo umekatika na hakuna wingu, hapo tofauti huwa kubwa. Kusi likivuma, au mawingu ya masika yakitanda, hupungua sana, maana upepo huchanganya hewa, na mawingu hayaliachi shamba lipoe haraka.

Hiyo bahari uliyoitaja inaleta unyevu: jasho halikauki, kwa hiyo mwili huona joto zaidi ya kipimo kinavyosema. Lakini unyevu huo hata Kizimbani upo, kwa hiyo peke yake hauelezi tofauti.